Kamera ya bei nafuu yaweza kunasa uzuri wa vinyago vya Tabaka

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ilikuwa na mashiko enzi ambapo mnunuzi alifika mwenyewe sokoni, akakitwaa kinyago, akakigeuzageuza mkononi, akaupima uzito wake na kupitisha kidole juu ya nakshi zake. Mnunuzi wa leo, awe Nairobi, Mombasa au ng'ambo, aghalabu hufanya uamuzi wake mbele ya kioo cha simu au tarakilishi. Kwake yeye, kinyago ni picha. Iwapo picha hiyo ina giza, ina ukungu au ina rangi isiyo yake, kazi ya siku nzima ya mchongaji huonekana kama kokoto iliyookotwa njiani.

Makala haya yanaangazia namna ya kupiga picha vinyago vidogo vilivyotiwa rangi kwa kutumia kamera ya dijitali ya bei nafuu. Mfano wetu ni vinyago vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka, Kaunti ya Kisii.

Mawe hayo huchimbwa kwa sururu na mitaimbo katika machimbo ya eneo hilo. Ni laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, na yana rangi za kiasili zinazotofautiana: meupe, ya malai, ya waridi, ya kijivu, na mengine yenye mishipa ya wekundu. Kwa kawaida wanaume ndio wachongaji, nao wanawake hukisugua kinyago kwa msasa na maji hadi kiwe laini. Baadaye rangi hupakwa, kisha nakshi hukwaruzwa kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe uchomoze. Hatimaye nta hupakwa ili kinyago king'ae.

Ni katika sanaa hii ambapo Elkana Ong'esa alijizolea sifa, na sanamu yake kubwa ya ndege iko katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Hata hivyo, vinavyowapa wengi riziki si vinyago vya ukubwa huo. Ni kiboko wa kutoshea kiganjani, ni ndovu na twiga, ni visahani vya sabuni, ni seti za sataranji ambazo askari wake hawazidi urefu wa kidole. Vitu hivi ndivyo vigumu zaidi kupigwa picha.

Pana zaidi ya urembo katika jambo hili. Kati ya mchongaji na mnunuzi wa mbali husimama madalali, na kila mmoja huondoka na fungu lake. Mchongaji anayeweza kumwonyesha mteja kazi yake jinsi ilivyo ana nafasi ya kuzungumza naye moja kwa moja kuhusu bei. Asiyeweza hurejea kwa dalali. Isitoshe, jiwe ni zito. Mteja akipokea kinyago cha hudhurungi ilhali alionyeshwa chekundu, gharama ya kukirudisha inaweza kushinda bei ya kinyago chenyewe.

Suala la kupiga picha vitu vidogo vilivyopakwa rangi halikuanzia kwetu. Nchini Uingereza kuna uraibu wa miaka mingi wa askari wadogo wa kuchezea. Mwaka wa 1893 kampuni ya William Britain ilianza kuunda askari wa risasi walio wazi kwa ndani, na mwaka wa 1913 mwandishi H.G. Wells alichapisha kitabu, Little Wars, kinachoeleza kanuni za mchezo wa vita wa askari kama hao. Wapenzi wa uraibu huo hadi leo hupaka rangi sanamu za watu zenye kimo cha takriban milimita 28, macho na vifungo vya koti vikiwemo. Kamera za dijitali zilipoteremka bei katika miaka ya 2000, wengi wao walianza kuonyeshana kazi zao katika intaneti. Mbinu walizozizoea zinamfaa mchongaji wa Tabaka vilevile, ingawa mambo mawili matatu yanahitaji kugeuzwa yalingane na jua letu.

Tuanze na kamera, kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kwanza. Wauzaji wa vifaa hivi hupenda kutaja megapikseli, lakini hesabu haiwaungi mkono. Picha yenye upana wa pikseli 1,000 na kimo cha pikseli 750, ambayo inatosha kabisa kwenye tovuti, ina pikseli 750,000 tu, yaani haifiki hata megapikseli moja. Picha ya kuchapishwa kwa kipimo cha inchi 6 kwa 4, kwa nukta 300 katika kila inchi, inahitaji pikseli 2,160,000. Kwa hivyo hata kamera kuukuu ya megapikseli tano, ya zile zinazouzwa mitumba, ina ziada ya kukatia kingo.

Kamera ndogo ina hata faida moja ambayo haisemwi sana. Ndani ya kamera, mwanga hupokewa na kibamba kiitwacho sensa. Katika kamera nyingi za bei nafuu upana wa sensa hiyo ni takriban milimita sita tu. Kamera kubwa ya mtaalamu, yenye sensa pana, inaposogezwa karibu na ndovu mdogo huonyesha mkonga bayana huku masikio yakipotelea katika ukungu, labda mpiga picha ajue kulibana tundu la lenzi. Kamera yenye sensa ndogo huonyesha sehemu kubwa zaidi ya kinyago kwa ubayana, bila mwenyewe kuhangaika. Udhaifu wake ni kwamba haipendi giza. Ikikosa mwanga, hujaza picha chembechembe mithili ya mchanga na kuzifuta nakshi zote nyembamba. Kila kitakachoelezwa hapa chini kinatokana na jambo hilo moja: kamera hii ipewe mwanga wa kutosha, na itulizwe.

Kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote ni kutumia mwako wa taa ya kamera. Mwako huo hutoka sehemu ndogo, tena karibu kabisa na lenzi. Kwenye kinyago kilichopakwa nta, huacha doa jeupe kwenye paji la uso au tumboni na kivuli cheusi nyuma yake, huku umbo lote likionekana bapa kama mchoro wa karatasini. Uzimwe. Katika kamera nyingi alama yake ni mshale wa radi, na ukibonyezwa mara kadhaa hutokea alama hiyo ikiwa imekatwa kwa mstari.

Jua la mchana nalo si rafiki. Tabaka haifiki hata nyuzi moja kamili kusini mwa ikweta. Saa sita jua huwa karibu na utosi, na kinyago huwekewa vivuli vizito chini ya nyusi, chini ya kidevu na chini ya tumbo. Kinachotakiwa ni mwanga laini, na ulaini wa mwanga hutegemea ukubwa wa chanzo chake kikilinganishwa na kitu kinachomulikwa. Wingu ni chanzo kikubwa kuliko jua lililo wazi, na ndiyo maana siku ya mawingu, ambayo haina uhaba katika nyanda za juu za Kisii, huwa siku njema ya kazi hii. Udogo wa kinyago hapa unageuka kuwa baraka. Kwa kiboko wa sentimita tano, karatasi moja ya kawaida ya ofisini, yenye sentimita 21 kwa 29.7, ikining'inizwa kando yake na kumulikwa kutoka nyuma, hufanya kazi ya wingu zima.

Vitabu vingi vya Ulaya humshauri mpiga picha aweke meza kando ya dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu huko jua halipiti upande huo isipokuwa asubuhi sana au jioni wakati wa kiangazi. Ushauri huo haufai kuigwa hapa bila kufikiri. Katika ikweta, jua la mchana huwa upande wa kaskazini miezi ya katikati ya mwaka na upande wa kusini miezi ya mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Dirisha la kaskazini linalofaa Desemba litaingiza miale mikali Juni. Njia rahisi ni kutazama sakafu: palipo na mraba wa jua pasitumiwe, au dirisha lifunikwe kwa kitambaa cheupe chepesi. Shuka la pamba lililofuliwa likatakata linatosha.

Baada ya kupata dirisha, kinyago kiwekwe ubavuni mwake wala si mbele yake, mwanga ukitoka upande mmoja na juu kidogo. Hapo ndipo nakshi zilizokwaruzwa huonekana, kwani kila mkwaruzo hupata ukingo wenye nuru na ukingo wenye kivuli. Upande wa pili wa kinyago utakuwa na giza. Badala ya kuongeza taa, mpiga picha asimamishe karatasi nyeupe au kipande cha kadibodi kilichofunikwa kwa karatasi ya fedha ya jikoni ili kurudisha mwanga. Karatasi ikisogezwa karibu, kivuli hupungua, nayo ikiondolewa mbali, hurejea. Inafaa kivuli kidogo kiachwe, maana bila kivuli jicho halitambui kwamba kitu kina mviringo.

Wanaofanya kazi usiku hulazimika kutumia taa. Taa mbili za mezani zenye balbu za aina moja, kila moja nyuma ya karatasi yake nyeupe, zinatosha. Ikumbukwe kwamba balbu ikiondolewa kutoka umbali wa sentimita 30 hadi 60, mwanga unaokifikia kinyago hupungua hadi robo, si nusu. Taa zikae karibu. Ikiwa balbu ni za zamani zinazotoa joto, karatasi isizigusane nazo, isije picha moja ikateketeza karakana.

Sasa tufikie rangi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo uti wa mgongo wa shughuli hii. Jicho la binadamu husahihisha rangi bila mwenyewe kujua. Shati jeupe tunaliona jeupe juani na vilevile chini ya taa ya umanjano. Kamera haina werevu huo. Mwanga wa balbu ya zamani una kipimo cha takriban Kelvini 2,800 na huelekea rangi ya chungwa, ilhali mwanga wa mchana ni takriban Kelvini 5,500 na huelekea samawati. Kamera hujaribu kukisia ni mwanga gani uliopo, na ukisiaji wake ndio unaozifanya picha za kinyago kimoja, zilizopigwa saa moja, kutoka na rangi tatu tofauti.

Vinyago vya mawe ya sabuni huipotosha kamera zaidi kuliko vitu vingine. Jiwe la waridi linapoijaza fremu nzima, kamera hudhani waridi hiyo ni kasoro ya mwanga na kuiondoa. Mteja huonyeshwa jiwe la kijivu. Jiwe la malai nalo huweza kupaushwa likawa jeupe pe. Dawa yake ni kuinyima kamera ruhusa ya kukisia. Karibu kila kamera ina orodha yenye alama ya jua, wingu na balbu. Mpiga picha achague ile inayolingana na mwanga alio nao na asiibadilishe hadi amalize vinyago vyote vya siku hiyo. Baadhi ya kamera huruhusu kuonyeshwa kitu cheupe ili zijipime zenyewe. Hiyo ndiyo njia bora. Hata hivyo, karatasi za uchapishaji hutiwa dawa za kung'arisha ambazo huzipa usamawati fulani, hivyo kadi ya kijivu isiyo na rangi nyingine ni afadhali inapopatikana.

Mwanga wa dirisha usichanganywe na wa balbu. Upande mmoja wa kinyago utakuwa wa samawati na mwingine wa chungwa, na hakuna programu itakayoipatanisha migomba na mizizi yake namna hiyo. Tukitaja migomba, ni vyema kukumbuka kwamba majani yake ni kioo cha kijani. Kinyago cheupe kikipigwa picha chini ya mgomba, au mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya buluu, huchukua rangi ya jirani yake. Hata shati jekundu la mpiga picha huonekana kwenye tumbo la kiboko mwenye nta. Vazi jeupe, jeusi au la kijivu ndilo salama.

Kuhusu utulivu hakuna mengi ya kusema. Mkono wa binadamu hutikisika, na kadiri kamera inavyokuwa karibu na kitu ndivyo mtikisiko unavyokuzwa. Kigoda cha miguu mitatu kinafaa, lakini mfuko wa kitambaa uliojazwa maharagwe hadi nusu, kisha kamera ikalazwa juu yake, hufanya kazi ileile. Mpiga picha atumie kipima saa cha kamera, kile cha sekunde mbili au kumi, ili picha ipigwe wakati kidole kimeshaondoka kwenye kitufe. Kamera ikituliwa hivyo, kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga, kinachoandikwa ISO, kinaweza kuteremshwa hadi 100 au chini zaidi, hata kama lenzi italazimika kubaki wazi kwa nusu sekunde. Jiwe halitajongea.

Kisha kuna umbali. Alama ya ua kwenye kamera huiwezesha kuona vitu vilivyo karibu, na bila alama hiyo kila kitu kitakuwa na ukungu. Jambo hili limewafanya wengi wakaikaribisha lenzi hadi ikaribie kugusa pua ya kinyago. Matokeo yake ni pua kubwa kupita kiasi na miguu ya nyuma iliyosinyaa, mithili ya mtu anayejitazama katika kijiko. Afadhali kurudi nyuma kiasi, sentimita 20 au 30, kuvuta lenzi kidogo kama kamera bado itakubali kuona waziwazi, na baadaye kukata kingo za picha. Kuvuta kunakotajwa hapa ni kule kwa lenzi yenyewe. Ule uvutaji wa kidijitali hauongezi chochote, hukuza tu nukta zilizopo. Fokasi ielekezwe kwenye jicho la mnyama au kwenye nakshi iliyo mbele zaidi, na kamera iwe kimo kimoja na kinyago. Ndovu anayetazamwa kutoka juu ni mgongo tu.

Wanaotumia simu za kisasa wafuate mambo hayohayo, wakijihadhari na mawili. Ule mtindo wa picha za nyuso, unaotia ukungu nyuma ya mtu, hubahatisha mipaka ya kitu na mara nyingi hula ncha za pembe na masikio ya kinyago. Vichujio vya urembo navyo hulainisha jiwe hadi mikwaruzo ya kisanii ipotee.

Mandhari ya nyuma yawe rahisi. Karatasi moja pana inayoanzia ukutani na kuteremka mezani kwa mkunjo, bila kufanya kona, huondoa mstari unaokata kichwa cha kinyago. Kijivu cha wastani hukubaliana na takriban kila jiwe. Vitambaa vya maua, majani na leso hupendeza machoni pa mwenye duka, lakini humpokonya mteja nafasi ya kukiona anachokinunua.

Kwa wale wanaoshikilia karatasi nyeupe, pana kitendawili kimoja. Kamera huamini kwamba dunia ina wastani wa kijivu. Ikionyeshwa weupe mtupu, huutia giza ili uwe kijivu, na kinyago nacho hugizwa pamoja nao. Alama ya jumlisha na toa iliyo kwenye kamera ndiyo ya kurekebishia: jumlisha moja kwa mandhari meupe, toa moja kwa mandhari meusi. Picha itazamwe, iongezwe au ipunguzwe, ipigwe tena. Faida ya dijitali ni kwamba kurudia hakugharimu filamu.

Marekebisho ya mwisho hufanywa katika tarakilishi. Programu ya GIMP hupatikana bila malipo na ina kila kinachohitajika: kukata kingo, kunyoosha picha iliyoinama, kuongeza mwanga kidogo. Kinyago chenyewe kiwekwe kando ya kioo wakati wa kazi hiyo, na rangi isogezwe hadi vifanane. Ipo tamaa ya kukoleza wekundu na buluu ili picha ivutie. Anayeishindwa atakuja kuulizwa na mteja rangi ile ilikwenda wapi.

Mchongaji asione haya kuonyesha mshipa wa jiwe, hata ufa mdogo ukiwepo. Picha ya upande wa nyuma na ya chini zimwondolee mteja shaka. Ukubwa nao hudanganya sana katika picha, kwani ndovu wa sentimita nne na wa sentimita arubaini hufanana. Rula ndogo au sarafu katika picha mojawapo humaliza utata huo. Sarafu yetu ya shilingi 20, ya toleo lililozinduliwa mwaka wa 2018, ina ndovu, na inapendeza kuwaona ndovu wawili wakisimama bega kwa bega, ingawa mteja wa ng'ambo asiyeijua atahitaji kuandikiwa vipimo kwa sentimita na uzito kwa gramu.

Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa na marekebisho yafanywe kwenye nakala, kwa sababu faili ya aina ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Jina la faili liwe na nambari ileile iliyobandikwa chini ya kinyago, ili mteja aliyeagiza kiboko mwenye mshipa mwekundu begani asitumiwe ndugu yake.